Mkono Ulioufukua, Baba

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako, na kwamba goti halikuzuii kupanda hadi shamba la juu. Mama je, kifua chake kimetulia? Na vuli imefika huko mlimani, au mawingu yanapita tu kama mwaka jana? Mimi ni mzima wa mwili. Huku Uholanzi baridi imeanza, na chakula nimekizoea, isipokuwa huu mkate wa asubuhi, mchana na jioni.

Naandika kwa sababu ulinikatia simu. Isome mwenyewe, taratibu, usimpe Elisante akusomee.

Nianze na yale niliyoambiwa, unisahihishe nikikosea. Mdogo wangu Elisante alipogongwa na lori pale Lembeni, akiwa kwenye bodaboda yake, mkono wa kulia ulisagika, na madaktari wa Moshi wakaukata juu ya kiwiko. Walikukabidhi ukauzike. Shangazi Nakunda, dada yako, ndiye aliyeuosha na kuufunga kwa kipande cha kanga yake, kwa kuwa mama alishindwa hata kuutazama. Mkauzika migombani. Baada ya muda Elisante akaanza kulia kwamba vidole vimekunjwa huko chini, kucha zinamchoma kiganja. Ukachukua jembe, ukaufukua ili uvinyooshe. Ukakuta vimenyooka.

Hapo ndipo ungesimama, baba. Vidole vimenyooka na mtoto bado analia. Maana yake maumivu hayakuwa kwenye shimo lile. Lakini wewe ulisema kwamba aliyeufunga aliufunga pamoja na kitu kibaya. Ulisema nje ya kanisa, wazee wa usharika wakisikia. Kesho yake vijana wa ukoo wakaezua bati za nyumba ya shangazi, mjane asiye na mtoto, naye akateremka mlima na godoro kichwani. Hakuna aliyempokea mzigo. Sasa yuko kule bwawa la Nyumba ya Mungu, anapara samaki wa watu wasiomjua.

Sijui kama uliwahi kuelewa ninachosomea huku. Nitasema wazi. Namlaza panya kwa dawa ya usingizi, nampasua paja, naufunga mshipa wake mmoja wa fahamu kwa uzi, kisha namshona. Kidonda kinapona upesi. Lakini baada ya siku kadhaa, nikimgusa wayo kwa unywele mmoja tu, anauvuta mguu kama nimemchoma moto. Halafu namuua, nakata uti wake wa mgongo na ubongo vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, naviangalia kwa hadubini. Ndiyo kazi yangu. Wapo panya ninaowaonea huruma, na bado nawakata.

Ninachokiona ni hiki. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo mna seli ndogo za ulinzi. Panya akiwa mzima zina matawi membamba, zinapapasa kila pembe polepole. Mshipa ukiumia, hata kama ni mbali huko mguuni, zinapata habari. Zinakunja matawi, zinavimba, zinazaana, zinazizingira seli za mshipa ule, zinakula kilichokufa. Hiyo ni kazi njema. Shida ni kwamba mara nyingine hazitulii. Zinaendelea kumwaga kemikali, na seli za maumivu zinapiga kelele bila kuguswa na mtu. Tunaamini hata kwa binadamu mambo kama hayo hutokea. Na ubongo wa Elisante bado umeweka nafasi ya mkono wake. Unausikia upo, na unausikia unaungua. Hatujui yote, wala sisemi tunajua yote. Ila hakuna kanga iliyowahi kufanya hivyo.

Nilipokueleza haya ulisema, "Wewe umesomea panya. Mwanangu si panya." Ukakata simu.

Elisante naye nilimpigia, nikamweleza kwa upole zaidi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama dawa ipo. Swali hilo nilikuwa nimeshamuuliza profesa wangu, akanijibu kwamba panya wengine wanapata nafuu tukizituliza seli zile, lakini kwa watu bado hatujafika huko. Nikamwambia Elisante vilevile. Nikamwambia asiache vidonge vya Moshi, na aweke kioo kando ya mkono wa kushoto, aukunje na kuukunjua huku akiutazama humo kana kwamba ni ule wa kulia, maana wapo wanaosaidika. Kisha akasema, "Afadhali angekuwa shangazi, dada. Shangazi ningemlilia, angechoka, angeniachia. Hizo seli zako nitazililia vipi?"

 

Juzi nikampata shangazi kwa simu ya jirani yake. Nilidhani atafarijika kusikia kwamba hana hatia. Aliniacha nimalize, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nimewaza sana. Vidole vilikuwa vimejikunja, ni mimi niliyevinyoosha. Labda havikutaka." Nikamwambia hapana, shangazi, hapana. Akasema anashukuru kwa kumpigia, samaki wanamngoja.

Basi mlimvunjia nyumba, na sasa hata yeye mwenyewe anajiona mchawi.

Ninachokuomba ni hiki, na ni mara ya kwanza mimi kukuomba kitu kizito. Teremka mwenyewe hadi Nyumba ya Mungu. Usimtume mama, usimtume mchungaji. Mwambie dada yako kwa kinywa chako kwamba ulikosea. Kisha Jumapili itakayofuata useme tena, palepale uliposema kwanza, mbele ya walewale. Shangazi hatarudi, ameshaniambia, hata ukimwezekea nyumba kwa bati mpya. Nenda tu ili asije akafa akiamini ni yeye. Na ujue kwamba Elisante atakuchukia ukisema hivyo, kwa sababu utakuwa umemnyang'anya mtu wa kumlaumu. Ulimpa wewe mwenyewe mtu huyo. Kumnyang'anya nako ni juu yako.

Nisalimie mama, mwambie asipande tena na mzigo wa tangawizi peke yake. Nisalimie babu mzaa mama. Mke wa Elisante mpe pole nyingi. Mwambie asimwamshe mumewe kwa kumshika bega la kulia, amwite tu jina. Wale vijana walioezua bati siwasalimu.

Na shangazi usimpelekee salamu zangu. Ukifika kwake, fika na neno lako.

Nakutakia afya, baba, na miguu ya kukufikisha bwawani.

Ni mimi binti yako,
Namsifu