Kivuli cha Kiti Kimoja

Mount Druitt, Sydney
6 Desemba

Mwanangu Siniva,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Masomo ya Melbourne yanaendaje?

Ile miti ya halmashauri uliyotupandia kando ya barabara kabla hujaenda huko masomoni inakauka kwa joto hili. Usidhani tumeitelekeza. Kila alfajiri natoka na ufagio wangu wa njiti za mnazi, kama tulivyofanya Samoa, nafagia chini yake mpaka ardhi inang'aa. Yale magome uliyomwaga pale nimeyazoa yote. Mama Lupe wa jirani aliponiona naye akaanza, sasa ni mtaa mzima. Hakuna atakayesema Wasamoa ni wachafu.

Mama yako

Melbourne
11 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na goti. Nimecheka, kisha nikalia. Yale magome ndiyo matandazo, Mama, yanazuia ardhi isikauke. Mnaiua miti kwa ufagio.

Bosi wangu wa halmashauri atakuja hapo mtaani kuikagua mwezi wa pili. Ikifa, hawatatuletea mingine. Ofisini walisema mtaa wetu haujali miti, mimi ndiye niliyebisha. Nakuomba, acheni kufagia.

Mwanao, Siniva

Melbourne
2 Januari

Mama,

Krismasi imepita hujanijibu. Kama nimekukosea adabu, nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja, nijue u mzima.

Mwanao

Mount Druitt
17 Februari

Siniva,

Mimi mzima. Nilikasirika, sikufichi. Kuambiwa niache kufagia, mimi niliyekuwa nashinda ukaguzi wa usafi wa kamati ya kina mama kijijini! Nikanuna weee, mpaka mti wangu ukabaki na majani ya kuhesabika.

Basi nikawaita kina mama baada ya ibada. Nikawaambia kufagia hatuachi, ila tutafagia kuelekea kwenye mti. Tukauzungushia kila mti mawe, tukayapaka chokaa kama nyumbani, na majani yote yanaingia humo. Nani atakiita uchafu kitu chenye mawe meupe? Maji ya kuoshea majimbi nayo humo humo. Sasa tunakaguana. Mama Lupe kayapaka mawe yake mara mbili, anadhani sijaona.

Bosi wako alikuja jana. Michache ilikufa, sikumficha. Iliyobaki imechipua. Akauliza nani alitufundisha.

"Binti yangu," nikamwambia. "Na jina lake uliandike vizuri."

Ataleta mingine. Najivunia wewe, mwanangu, kanisani wamechoka kunisikia.

Kivuli bado kinatosha kiti kimoja tu. Nimeshaweka changu.

Mama yako