Breki Haiahirishwi

Jumatatu, 4 Mei. Arua.

Naomba radhi kwa kimya kirefu. Sijaandika humu tangu mvua za kwanza, wala sina sababu ya maana. Rubani mzee anayewadai vijana waandike kila kasoro hana haki ya kunyamaza hivi.

Leo tumekwenda Entebbe na kurudi salama. Kipimo cha mafuta cha tangi la kulia bado ni kibovu. Ezati, fundi wetu wa Entebbe, amebandika karatasi juu yake: HAKIFANYI KAZI. Matengenezo yameahirishwa kwa ruhusa hadi kipuri kifike, mradi tupime mafuta kwa kijiti kabla ya kila safari. Candiru, rubani msaidizi wangu, hupanda ngazi na kijiti chake na hunisomea kipimo kwa sauti. Sina neno. Kuahirisha si kupuuza, ikiwa kanuni imefuatwa.

Jumatano, 6 Mei.

Simu kutoka Koboko. Dada yangu mkubwa, Poni. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. Sasa la kulia linaona kivuli, kama pazia linaloshushwa. Daktari wa huko amesema ngozi ya ndani ya jicho inabanduka. Apasuliwe Kampala upesi. Asitikiswe njiani.

Nimemkatia tiketi ya Ijumaa asubuhi, kwenye ndege yangu mwenyewe. Nimefurahi kuliko inavyofaa.

Alhamisi, 7 Mei.

Poni amefika kwangu Ediofe jioni, pamoja na binti yake Kiden. Amekuja na kuku hai wa kumpa daktari. Nimesema kuku haingii ndegeni.

"Wewe hata kuku unaomba yeye kibali," amesema.

Aliolewa na askari, akalea watoto kambini, na Kiswahili chake ni cha kambi. Niliacha kumsahihisha miaka mingi iliyopita. Baada ya chakula amenitazama usoni kwa muda mrefu. Nimejua anachofanya. Anauhifadhi uso wangu.

Ijumaa, 8 Mei.

Siku mbaya.

Niliizunguka ndege kabla abiria hawajaitwa. Chini ya gurudumu la kushoto, matone mekundu. Mafuta ya breki. Candiru alipanda, akakanyaga breki. Kanyagio likazama kuliko kawaida, kisha likashika.

Nieleze desturi yetu, maana sipendi kujidanganya. Ndege inalala Arua, lakini fundi na vipuri viko Entebbe. Kasoro ikiandikwa hapa, safari imekufa. Kwa hiyo marubani huambiana kwa mdomo, huruka, huandika wakishatua kule. Ugonjwa hupatikana Arua, huandikwa Entebbe. Hakuna anayeuita uongo.

Candiru alisema polepole: "Kapteni, tuandike Entebbe. Breki inashika. Na mama yule pale, anangoja."

Hakuwa na nia mbaya. Alinihurumia. Nami nilimtazama Poni, ameketi kwenye benchi, kichwa wima kama alivyoagizwa, na kwa kitambo nilitaka kukubali. Nilitaka sana.

Kipimo cha mafuta kina kijiti badala yake. Breki haina kijiti. Niliandika. Kwenye kitabu cha ndege, hapo hapo Arua.

Nilimwambia Poni mwenyewe. Alidhani natania. Kisha akasema: "Lumago, wewe iko na ndege mingi. Mimi iko na jicho moja."

Nilikwenda kumtafutia nafasi kwingine.

Ndege ya kampuni nyingine ilikuwa imejaa. Ezati hakuweza kufika kabla ya kesho, na daktari wa Kampala hakutaka kungoja. Wakapanda basi. Nilimpangia mito miwili, akalaza kichwa mapajani mwa Kiden. Mimi nilibaki, maana ndege ilikuwa mikononi mwangu. Mfanyabiashara mmoja kutoka Kongo, abiria wetu, alisema ili nisikie: "Mutu anatupa dada yake juu ya matone tu!"

Nilisikia.

Jumamosi, 9 Mei.

Ezati amefika. Mpira wa breki umechanika upande mmoja. Nikamuuliza kama ungestahimili safari moja zaidi.

"Pengine, Mzee."

Pengine. Siruki na neno hilo. Hata hivyo nimelibeba kutwa nzima.

Kiden amepiga simu. Wamefika. Barabara ilikuwa mbaya baada ya Pakwach, mama alitapika. Wanasubiri kuingia chumba cha upasuaji.

Jumatatu, 11 Mei.

Amepasuliwa. Pazia lilikuwa limeshuka zaidi ya alivyoona daktari wa Koboko. Kiden aliuliza kama ni barabara iliyofanya hivyo, au ni siku tu zilizopita. Daktari hasemi. Hawezi kujua.

Tumeruka leo. Breki ilishika vizuri sana. Nimeichukia.

Alhamisi, 14 Mei. Kampala.

Baada ya kutua Entebbe nilipewa nafasi hadi kesho, nikaja hospitali. Poni ameketi kitandani, jicho limefunikwa kwa bandeji nyeupe iliyobandikwa pembe zote. Hakuniona. Alinyoosha mkono, akapapasa kofia, kisha paji la uso, kisha mashavu, taratibu.

"Wewe imekonda," akasema. Kisha akaigusa bandeji. "Daktari naye amebandika karatasi, kama wewe ulisema fundi anafanya. Sasa andika basi. Jicho iko, lakini imeahirishwa."

Kiden alicheka. Nilicheka nami.

Hakunilaumu, wala hakusema amenisamehe. Aliuliza kuku yuko wapi. Nimesema yuko Ediofe, anataga. Akasema basi asichinjwe.

Nimemmenyea chungwa. Mvua inanyesha, na amelala sasa, mkono wake ungali juu ya mkono wa koti langu.

Wiki ijayo daktari atafungua bandeji, ndipo ataamua kama apasuliwe tena au aachwe kama alivyo. Akishaamua nitaandika humu siku hiyohiyo, liwe jema au baya. Sitaliacha lipite kwa mdomo.