Simama Nyuma ya Mkia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na uipokee kwa mikono miwili maana imetoka mbali. Natumaini mgongo umepoa, na wagonjwa wako huko wodini wanakusumbua kwa adabu. Ukitaka habari zangu, mimi ni mzima kama chuma cha reli. Tena niache nianze kwa kujisifu, usije ukadhani barua hii imeandikwa na mtu mwingine: mdogo wako ana bahati ambayo haijawahi kuuzwa dukani. Ndege ya kilo tatu, propela inazunguka kama feni iliyopandwa na wazimu, ilinijia usoni moja kwa moja, ikanipita pembeni mwa sikio, na mkwaruzo sina. Shati tu ndilo lililochanika ukosi. Nimepanda magari yaliyopinduka mara mbili, nimeng'atwa na mbwa wa mkuu wa polisi, na bado nipo, nakula. Mama alikuwa akisema nilizaliwa siku ambayo Mauti alikuwa likizo.

Haya. Umeniuliza mambo mawili katika barua yako: kwa nini mumeo hapokei simu, na kwa nini jirani amekwambia kibanda chake cha kutengenezea saa kimefungwa wiki ya tano sasa, ilhali daktari alisema jicho lililobaki ni zima na linamtosha kwa kazi. Ukasema nisikufiche na nisilete mizaha. La kwanza nitajitahidi. La pili unajua ni ugonjwa.

Niruhusu nianzie nyuma kidogo. Ulipoondoka kwenda kazini huko, nyumba ilimwia kubwa shemeji. Mchana alikuwa kibandani, lenzi imeng'ang'ania jicho la kulia kama imeota pale, lakini jioni alizunguka sebuleni kama mshale wa saa uliokosa namba. Ndipo alipopata ile ramani ya ndege ya kivita ya zamani, ya kiti kimoja, ya kuundwa kwa mbao nyepesi kama biskuti na kuendeshwa kwa rimoti. Karatasi ishirini na nne, za kuunganishwa kwa selotepu mpaka zijaze meza ya kulia chakula. Akaniita tuiunde pamoja. Alisema yeye ataweka mifupa na mishipa, mimi kwa kuwa ni fundi rangi nitaweka ngozi. Nikamwambia amempata mtu, maana nimepaka rangi mabasi, majeneza, na hata ng'ombe mmoja wa maonyesho.

Siku ya kwanza tu tukagombana. Kwenye kona ya ramani kuna mstari ulioandikwa kuwa ni sentimita kumi. Shemeji akaupima kwa kile kipimo chake cha kubana, akasema ni tisa na nusu, kwamba mwenye duka la kuchapisha ameiminya ramani ili iingie kwenye karatasi. Nikamwambia nusu sentimita haijawahi kuua mtu. Akazikunja zote ishirini na nne, akarudi dukani kwa miguu, akachapishiwa upya. Mtu wa namna hiyo ndiye uliyeolewa naye, na mtu wa namna yangu ndiye uliyezaliwa naye, pole sana.

Basi akanipa niunde mabawa. Ramani ilikuwa na bawa moja tu, la kushoto. Unapanga mbavu za mbao juu ya mchoro, unazishika kwa pini, unatia gundi, unangoja. Nikaunda moja, likatoka zuri mpaka nikalibusu. Nikaunda la pili juu ya mchoro uleule, nalo nikalibusu. Nikampelekea shemeji kwa maringo. Akayashika, akayageuza, akaanza kucheka mpaka lenzi ikamdondoka jichoni. Nilikuwa nimeunda mabawa mawili ya kushoto! Akasema hata kuku angekataa kuvaa. Kisha akanifundisha kwa upole: unaipaka karatasi mafuta ya kupikia, mistari inaonekana kwa nyuma, unaigeuza na kuunda juu ya mgongo wake. Nikaunda la tatu. Lile la ziada alilitundika ukutani karibu na picha ya harusi yenu, na kila mgeni akiuliza anaambiwa hiyo ni shahada yangu.

Baada ya hapo akaniwekea sheria. Nyuma ya kila bawa kuna kipande kinachopanda na kushuka, sisi tukakiita kikope. Ukisukuma kijiti cha rimoti kulia, kikope cha kulia kinapanda na ndege inalalia kulia. Sheria ikawa kwamba kabla ya kuirusha, lazima usimame nyuma ya mkia, utazame inakotazama, ndipo ujaribu kulia na kushoto. Ukisimama mbele ya pua utapotea, alisema, maana kulia kwake ni kushoto kwako, kama mtu unayepeana naye mkono. Tena kwenye rimoti mna swichi ndogo ya kugeuza upande, kulia kuwe kushoto. Alipokwisha kuiweka sawa, akaifunga kwa tone la ile rangi yako nyekundu ya kucha uliyoiacha kabatini. Alisema ndivyo anavyofanya kwa skrubu asiyotaka iguswe, na kwamba akiliona tone lile anakukumbuka. Nilimtania kwamba mapenzi yamemfikisha kwenye swichi. Akakubali.

Nikaipaka rangi. Nisijisifu hapa, lakini ilikuwa nzuri kupita kiasi. Tumbo la kijivu, mgongo wa kijani, na puani nikachora mdomo wazi wenye meno. Shemeji aliona meno yamezidi. Nikamwambia ndege ya vita isiyotisha mtu ni kuku. Maneno hayo yanarudi kinywani kila ninapokula.

Tuliirusha Jumapili mchana, kwenye kiwanja kile cha mpira kisichotumika, nyuma ya matanuri ya matofali. Tulikuwa wawili tu. Shemeji akataka kusimama nyuma ya mkia. Nikamwambia nimeshaikagua nyumbani asubuhi, sheria yote, mpaka nukta ya mwisho, na wingu lile halitatusubiri. Akanitazama kidogo. Kisha akasema kama nimeikagua basi imekaguliwa, na akanipa mimi heshima ya kuiendesha. Sijui kama umewahi kumwona mumeo akiwa na furaha ya mtoto. Alikuwa amevaa lile koti lake la harusi.

Ilikimbia juu ya nyasi, ikainuka. Dada, iliinuka! Kisha ikalalia kushoto kidogo, jambo la kawaida. Nikasukuma kijiti kulia ili niinyoshe. Ikazidi kulalia kushoto. Nikasukuma zaidi, nayo ikazidi, ikageuka duara zima, ikatutolea meno. Mikono yangu ikaganda juu ya rimoti. Mengine unayajua: propela ilimpata shemeji jicho la kulia, jicho la lenzi. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, na koti lake la harusi likinilowesha shingo.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani hakulala kitandani hata siku moja kabla ya kuomba mabaki. Akayapanga mezani, akaunganisha waya, akasimama nyuma ya mkia uliovunjika. Kijiti kulia, kikope cha kulia kikapanda. Kushoto, cha kushoto kikapanda. Sawa kabisa. Wiki tatu, dada, kila siku kuanzia asubuhi, bandeji usoni, akifungua kila waya na kuurudishia, akitafuta kosa. Siku moja akaniuliza, bila kugeuka, kama asubuhi ile niligusa chochote. Nikasema sikugusa. Hakuniomba kiapo. Nikaapa mwenyewe, kwa kaburi la mama yetu.

Jioni ya siku ile ndipo alipoacha kutafuta. Aliniambia kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema chai imepoa, kwamba kosa lililoangusha ndege liko mezani mbele yake na yeye halioni; kwa hiyo macho yake yaliharibika zamani, kabla ya hili moja kutolewa, na mikono yake imekuwa ikimdanganya. Mtu kama huyo hapewi saa ya mwenzake. Kesho yake akaanza kurudisha saa za watu, moja moja, nyumba kwa nyumba, bila kuzitengeneza, akiomba radhi. Vibano na bisibisi zake alivitia kwenye kopo la maziwa, akanipa mimi, eti labda fundi rangi atavipatia kazi. Simu yako haipokei kwa kuwa hajui akwambie wewe ni mke wa fundi gani. Jumamosi hii anakabidhi ufunguo wa kibanda.

Sasa, dada, kaa chini kama umesimama.

Asubuhi ya Jumapili ile ndege ilikuwa kwangu, namalizia meno. Kinyozi wa jirani yangu alikuja kutazama, na unajua mdogo wako mbele ya mtazamaji. Pua ilikuwa imenielekea, maana nilikuwa nachora mdomo. Nikaiwasha, nikasukuma kijiti kulia ili nimwonyeshe. Kikope kilichopanda kilikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Kinyozi akacheka, akauliza mbona unasukuma huku inainuka kule, hiyo ndege yenu imetengenezwa na fundi saa au fundi viatu. Sikutaka kuchekwa. Sheria ya mkia haikunijia hata kwa mbali. Nikalikwangua tone la rangi kwa ukucha, nikaigeuza swichi, na nikamwambia kinyozi kwamba hata mafundi wakubwa hukosea. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema juu ya mumeo.

Na si hayo tu. Wakati anashonwa hospitali, mimi niko nje kwenye benchi na rimoti mfukoni, ndipo mkia ukanijia akilini. Nikaelewa yote kwa mara moja. Kesho yake niliingia kwenu kuchukua shuka zake, nikairudisha swichi ilivyokuwa, nikafungua kabati, nikatoa kichupa chako, nikapaka tone jipya juu ya alama ileile. Mimi ni fundi rangi. Hakuna awezaye kulitofautisha, hata yeye, hata kwa lenzi. Kwa hiyo kosa alilolitafuta wiki tatu halikuwepo mezani. Nilikuwa nimeliondoa mimi, halafu nikawa namletea uji akiwa analitafuta.

Macho yake hayajawahi kukosea. Mikono yake haijawahi kumdanganya. Kilichomdanganya ni shemeji yake.

Nimejaribu kumwambia usoni mara nne. Kila nikifungua mdomo mzaha unatoka kwanza, naye anacheka kwa adabu, na siku inapita. Ndiyo maana nimeandika. Bahasha hii siibandiki. Kesho, Ijumaa, nitaipeleka kwake pamoja na kopo la vibano na ile rimoti, tone nimeshalikwangua, nimwombe aniwekee stempu na kuiposti. Anajua mimi huwa sifungi chochote sawasawa, atataka kuikagua. Basi ukiipata ujue ameshaisoma kwa jicho lake moja, tena kabla ya ufunguo wa Jumamosi. Usipoipata, hutajua hata kwamba niliandika, na itakuwa haki yangu.

Nisalimie wenzako wa zamu, hasa yule anayecheka mizaha yangu kwenye simu. Mwambie imekwisha kwa sasa. Vaa soksi, huko ni baridi. Na unipigie unitukane, nitapokea hata kama ni saa ya kazi.

Halafu ile bahati niliyojitapa nayo huko mwanzo, ifute. Sina. Ndege haikunipita sikioni. Ilikuwa inakuja kwenye uso wangu mimi, na mimi nimeganda naitazama. Mumeo alinishika ukosi akanivuta nyuma, akaingia mahali nilipokuwa nimesimama. Shati lilichanwa na mkono wake.

Mdogo wako,
Tambo