Kibati cha Luhende

Jumatano, mwisho wa kiangazi. Kambi ya mgodi, Geita.

Uniwie radhi, shajara yangu. Nimekuacha muda mrefu mpaka jalada lako limeshika vumbi jekundu la huku, na nilipokufungua alasiri hii nililazimika kukupangusa kwa leso. Sikuwa mgonjwa, wala wino haukuniishia. Nilikuwa na jambo nisilolielewa, na sina tabia ya kuandika nisichokielewa.

Hewa ni nzito. Mawingu yamejikusanya upande wa ziwa tangu asubuhi, lakini hakuna hata tone lililodondoka.

Nadhani sasa ninaelewa. Ndiyo maana sina raha.

Nieleze kwa utaratibu. Nilipostaafu ualimu nilikusudia kukaa nyumbani Ngokolo na Mama Yohana, mke wangu, nisome na kupalilia bustani yangu. Kisha akaja kijana wa Kizungu kutoka chuo kikuu cha kwao Uingereza, akitafuta mtu mzima anayejua Kiingereza, Kiswahili na Kisukuma, afuatane naye mgodini awe mkalimani wake. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo, niliyelelewa na Mapadri; Kisukuma nilikipata kwa majirani. Nilimuuliza anatafiti nini. Akasema anataka kujua kwa nini watu wawili waliopewa kazi moja, chakula kimoja na mshahara mmoja hawafanyi kazi sawasawa.

Nilicheka moyoni. Jibu nilikuwa nalo tangu siku yangu ya kwanza darasani: mmoja wao ni mvivu.

Wachimbaji wamempa jina la Bwana Kwanini. Hukaa juu ya kasha tupu la baruti akamuuliza kila apitaye. Kwa nini unapumzika hapa na si pale? Kwa nini unaimba? Nami hutafsiri. Mwanzoni niliyaona maswali hayo kuwa ya kitoto. Baadaye nilijikuta nikijiuliza mwenyewe nikiwa ninanyoa ndevu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mawe yakishavunjwa kwa baruti, hutolewa nje kwa toroli zinazosukumwa juu ya reli. Kila mtu ana kibati cha shaba chenye namba yake. Akijaza toroli, hutundika kibati kwenye ndoano ya mbele, na karani aliye mlangoni mwa handaki huvihesabu vibati. Zamani yalihesabiwa mawe ya kundi zima. Vibati vililetwa kwa ushauri wa Bwana Kwanini, ili aijue kazi ya kila mtu peke yake.

Kundi lililo bora kuliko yote ni la vijana wa Kishapu. Na katika kundi hilo, mtu wa mwisho kwa vibati, mwezi hata mwezi, alikuwa Luhende.

Sikumpenda. Ni mtu mpana, mwenye kofia asiyoivua hata mbele ya wakubwa, na Kiswahili chake hakina kanuni hata moja iliyosalimika. Husimama kwenye kona ambapo reli mbili zinakutana, ameegemea ukuta, akiimba. Siku ya kwanza aliponiona aliwaambia wenzake kwa Kisukuma, akidhani sielewi, kwamba mzee huyu ameletwa kutukagua meno kama ng'ombe wa mnada. Nilimjibu kwa Kisukuma hichohicho kwamba ng'ombe wa mnada angalau hutembea. Handaki zima lilicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Tangu hapo kila asubuhi hunisalimu, "Shikamoo, Mwalimu. Je, leo nimetembea?"

Kisha akaumia mguu, akalala kambini karibu juma zima. Bwana Kwanini alitarajia, nami nilitarajia, kwamba kukosekana kwa mvivu hakutapunguza kitu. Mawe ya kundi yalipungua sana. Toroli zilizuiana kwenye kona, watu wakagombania nani apite kwanza, na Mayunga, kijana hodari kuliko wote, alitupiana maneno na nyapara mpaka wakatenganishwa.

Bwana Kwanini aliuliza swali lake.

Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi huu, baada ya misa, nilikwenda kumjulia hali Luhende. Nisijisifu: huruma ilikuwa ndogo, udadisi ulikuwa mkubwa. Nilikuta kundi lote limeketi mbele ya kibanda chake. Mbuke, mkewe, alinipa kigoda. Ni mjamzito, na dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati ya mgodi, amemwonya asisafiri wala asibebe kitu kizito, kwa maana mimba iliyotangulia iliharibika. Mayunga alikuwa amesimama katikati, ameinamisha kichwa, ameshika blanketi jipya.

Blanketi hilo nililifahamu. Mimi ndiye niliyemkabidhi mbele ya watu, kwa niaba ya Bwana Kwanini, liwe zawadi ya mtu mwenye vibati vingi kuliko wote.

Wenzake walikuwa wanamshtaki. Kosa lake ni kuwapita wenzake na kuvuruga zamu ili apate kitu cha peke yake. Kila mmoja alisema neno lake. Kisha wote wakamtazama Luhende, naye akasema polepole, "Blanketi moja halifuniki watu wote. Mpe yule mwenye homa. Kesho urudi kwenye zamu yako."

Mayunga alitii papo hapo. Nyapara na kipenga chake hajapata kutiiwa hivyo.

Mbuke ndiye aliyenieleza, aliponisindikiza. Kwao vijana wa kijiji humchagua mmoja wao, wakamwita nsumba ntale, yaani kijana mkuu. Yeye huwaongoza katika kulima mashamba kwa pamoja: nani aanze mstari, nani apumzike, wimbo upi uimbwe jua linapokuwa kali. Jembe lake mwenyewe halihesabiwi. Aliyelimiwa huchinja, na nyama huliwa na wote. Vijana hawa walikuja mgodini na mkuu wao kama walivyokuja na vyungu vyao.

Kumbe ile kona.

Jumatatu nilishuka nikatazama upya. Yule niliyemwita mvivu alikuwa akipunguza mwendo wa wimbo toroli zilipokaribiana, akiuharakisha njia ilipokuwa wazi, na mtu aliyechoka alimtoa kwenye msukumo kwa kutaja jina lake ndani ya ubeti. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo muda wote nikidhani ni kelele.

Kabla sijajua la kufanya na habari hiyo, Meneja alitangaza kwamba Ijumaa hii, mwisho wa mwezi, wenye vibati vichache kuliko wote watafutwa kazi. Aliyefutwa hutoka kambini siku hiyohiyo na mkewe, na zahanati haimpokei tena. Barabara ya Kishapu ni ndefu, na lori hurusha watu kama mahindi kwenye ungo. Nilimfikiria Mbuke.

Ningeweza kumweleza Bwana Kwanini. Lakini Meneja anaogopa mgomo kuliko anavyoogopa maji ndani ya shimo. Tangu vita vikuu vilipokwisha, mtu anayesikilizwa na wenzake bila kupewa cheo huitwa mchochezi. Nikimtaja Luhende kuwa mkuu, atafukuzwa kwa uchochezi. Nisipomtaja, atafukuzwa kwa uvivu.

Nilimwonya Luhende peke yake kwamba vibati vyake ni vya mwisho.

Kesho yake alisukuma toroli kama punda. Vibati vyake vikapanda na mawe ya kundi yakashuka, maana kona haikuwa na mtu. Alivumilia hivyo siku chache, kisha akarudi kuegemea ukuta wake. Wimbo ukarudi. Mawe yakarudi.

Lakini vibati vyake viliendelea kupanda.

Leo asubuhi nilishuka bila Bwana Kwanini, nikasimama nyuma ya nguzo za mbao. Mayunga alipita akisukuma toroli iliyojaa, na kwenye ndoano kulikuwa na kibati ambacho namba yake naijua. Haikuwa yake. Aliporudi mara ya pili alitundika cha kwake. Aliyemfuata alitundika tena cha Luhende. Wanampa kwa zamu, kama wanavyolimiana mashamba.

Mimi katika kazi yangu sikupata kumsamehe mwanafunzi aliyeandikiwa jibu na mwenzake. Nilichana karatasi za wote wawili, nikalala usingizi mzuri.

Luhende aliniona. Wimbo ulikatika.

"Mwalimu, umeona nini?"

Ulimi wangu ulijibu kabla sijaupa ruhusa. "Nimeona toroli."

"Basi waambie umeona toroli," alisema, bila kutabasamu. "Mbuke amebakiza mwezi mmoja."

Nilipanda juu. Kama mambo yangeishia hapo, huenda ningeufunga mdomo wangu na kujiombea msamaha kwa Mungu. Lakini mchana Bwana Kwanini alinijia akiwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwake. Amekwisha kupata jibu. Hofu ya kufukuzwa, alisema, imemgeuza mtu wa mwisho kuwa hodari, na kundi lake halikupungukiwa. Ataandika hivyo. Atamweleza Meneja Ijumaa, na chuo chake kitachapisha ili migodi mingine ijifunze. Aliniomba nimsaidie kupata kauli ya Luhende mwenyewe kuthibitisha.

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuuliza kwa nini.

Nikinyamaza, Luhende atabaki na Mbuke atajifungua karibu na dresa. Lakini hofu itaandikwa kuwa elimu, na Meneja ataitumia kila mwezi, na katika mgodi mwingine atafukuzwa mtu mwingine aliyesimama kwenye kona ya kwao. Nikisema, elimu itanyooka, na lori litakuja Ijumaa.

Niliajiriwa kusema walichosema watu. Je, niliajiriwa pia kusema walichoficha?

Nimemwomba jambo moja tu. Kesho tushuke pamoja, yeye aiache penseli yake juu, tusimame kwenye kona ile zamu nzima bila kumuuliza mtu neno. Atazame watu badala ya vibati. Amenishangaa, kisha amekubali. Si mjinga yule. Ana haraka ya ujana, na mwenye haraka husikia wimbo akadhani ni kelele, kama nilivyodhani mimi niliye mzee.

Najua atakachofanya akishaona. Atanigeukia na kuniuliza swali lake. Je, nimwambie yote papo hapo, au kwanza nimtake aniapie kwamba jina la mtu halitatoka handakini? Na mtu anayeishi kwa kuandika aliyoyaona, kiapo chake cha kutoandika kina uzito gani?

Sijaamua.

Vijana wa Kishapu wanatoka kazini sasa, wanapita chini ya dirisha langu wakiimba, na sauti inayotangulia naijua. Ina mkwaruzo kidogo leo. Huenda ni vumbi.

Nitakapokuwa nimeamua nitakufungua tena, na safari hii hutasubiri hata ushike vumbi.