Kaka, Nimekutaja kwa Daktari

Kaka Mokaya mpendwa,

Hapa Ekerenyo hakuna ninayeweza kumwambia haya ila wewe, na wewe hupo.

Nimepata kazi ya ukarani kwa daktari mtafiti kutoka Nairobi. Anazunguka boma kwa boma akiuliza habari za waliougua akili, wazazi wao na ndugu zao, apate kujua kama ugonjwa huu unarithiwa. Mimi namtafsiria. Maswali yake unayajua. Ni yale yale ya esigani, mshenga anayetumwa kuchunguza ukoo kabla ya posa: nani katika nyumba hii aliwahi kurukwa na akili? Basi watu wanamjibu kama wanavyomjibu esigani. Kila boma ni zima. Bibi mmoja alinivuta kando. "Huyu anamtafutia nani mke? Mwambie wasichana wetu wamekwisha." Daktari anashangaa jinsi watu wetu walivyo na afya.

Unamkumbuka esigani wa dada Kemunto? Ulikuwa umetulia miezi mingi, husikii tena zile sauti. Baba yetu, Tata, akakuambia kwamba mjomba, aliyegawiwa shamba la Mzungu kule Nyansiongo, anahitaji mtu wa kukamua ng'ombe. Nililia, ukanicheka. "Nyamaza, ndama wewe. Nitarudi siku ya karamu." Ulipoondoka, Tata alifagia kibanda chako kwa mkono wake. Sikuwahi kumwona ameshika ufagio kabla ya siku hiyo, wala baada yake. Kisha akaingiza mbuzi. Esigani alipouliza, mama alinishika bega akasema, "Mvulana wetu ni huyu mmoja."

Karamu ililiwa. Hukuitwa. Uliendelea kukamua mpaka ukafia huko huko, wakakuzika kando ya zizi la watu.

Juma lililopita daktari alifika kwetu. Nilikuwa nimemsihi tupite, nikasingizia njia mbaya. "Karani," alisema, "njia zote za huku ni mbaya." Mama akamkaribisha kwa ndizi, akaulizwa.

"Hapa hakuna mgonjwa," alisema. "Nilizaa Kemunto na huyu karani wako." Akanishika bega, pale pale.

Kaka, naogopa. Nimefikia umri ulioanza nao kuugua. Kukiwa kimya natega sikio, nisijue kama natega nisisikie au nisikie. Na watu wa Moraa, msichana ninayetaka kumwoa, walikuwa karibu kumtuma esigani wao. Ingetosha nitafsiri maneno ya mama kama yalivyo.

Nilisema, "Amezaa watatu. Wa kati ni kaka yangu Mokaya. Aliugua."

Mama hajui Kiswahili kingi, lakini jina lako alilisikia. "Umejikosesha mke," aliniambia kwa Kigusii, polepole, mbele ya mgeni, huku akimenya ndizi.

Katika mchoro wa daktari kila mwanamume ni mraba, na aliyeugua hujazwa wino. Wako aliujaza mweusi. Nilisimama nikiutazama, kwa sababu tangu Tata afagie kile kibanda, sijaona popote ulipotajwa kuwa mtoto wa nyumba hii. Ilibidi aje mgeni mwenye kalamu. Kando yako akachora wangu, mtupu. Nikamwuliza kama utabaki hivyo.

"Sijui," alisema. "Wengi hubaki. Ningekuwa najua, nisingekuja huku kuwasumbua mama zenu."

Ni mtu mwema, nadhani. Jioni alipanda gari lake akaenda kulala Kisii mjini. Mimi nilibaki na mama.

Maneno yalitoka bomani. Watu wa Moraa hawajatuma mtu, na Moraa akiniona sokoni anapita upande wa pili. Mama ananiwekea chakula bila neno. Analia akidhani sisikii, na siwezi kumwuliza kama anakulilia wewe au analilia harusi yangu. Nina hasira naye, kaka, na hasira hiyo nayo inanitisha. Nakumbuka yako ilianza vivyo hivyo, mezani, kwa kunyamaza.

Jana niliwatoa mbuzi kibandani mwako. Nimefagia. Mama alisimama mlangoni akitazama, hakunizuia. Karamu iliisha zamani, hapana aliyekuambia. Nakuambia mimi. Lala salama huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado sijajazwa wino.