Spea ya Maikrowevu ya Bibi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kando ya kitanda cha Bibi; amesinzia.

Maikrowevu uliyomletea inawaka na kuzunguka, lakini haipashi chakula moto. Bibi alisema, "Inakitembeza chakula changu kama bi harusi, kisha inanirudishia kikiwa baridi." Fundi alifunga spea ya bandia, ikaungua siku ileile. Akaniambia, "Mwanangu, ya kweli hapa hakuna. Mwambie shangazi yako aitafute huko." Namba ya spea nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Mama anasema usihangaike, kwa kuwa Bibi hali chochote tena, na daktari ametuambia tukae naye tu nyumbani. Mimi naomba uitume, Shangazi. Huenda akatamani chakula cha moto.

Akupendaye daima,
Kitindamimba wa kaka yako