Mji Usio na Barabara

Husby, Stockholm

Mdogo wangu Deo,

Huku theluji imewahi mwaka huu. Jirani yetu Wilkister anakusalimu.

Mama ametutoka Jumanne, hospitalini, nikiwa nimemshika. Nilikupigia tangu alipolazwa, hukupokea.

Siku zake za mwisho alitaka habari za Alaska unakoishi, nami nikamtafutia mtandaoni na kumsomea. Aliposikia kuwa Wamarekani waliinunua kutoka Urusi, alicheka. "Nani anauza nchi na watu wake?" Nikaendelea: ndilo jimbo kubwa kuliko yote, na makao yake makuu ni Juneau, mji wako, ambao hakuna barabara inayouunganisha na miji mingine.

Akanishika mkono. "Barabara hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Basi mwanangu hakunitupa. Angepita wapi?"

Tangu hapo hakugeukia tena mlango kila ulipofunguliwa. Akawa anawaambia wauguzi kwamba Deo amekosa njia.

Sikumwambia kuwa ndege zipo.

Tunamzika Ijumaa. Uje usije, usinieleze sababu. Mama alikwisha kukutafutia moja, akaondoka nayo.

Ni mimi dada yako,
Asteria